Mwaka Ambao Mwalimu Aliacha Kiti: Maisha ya Julius Kambarage Nyerere na Funzo la 1962

Katika kurasa hizi za kumbukumbu mtasoma historia ya hekalu, mtaona picha za wazee waliotangulia, na mtakuta salamu za wafadhili. Mimi nimepewa jukumu la kuandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye vijana wetu wanaweza kujifunza kwake. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hakuwa wa dini yetu, kwani alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Lakini mengi aliyoyafanya yalianzia katika mitaa hii tunayoishi, na lipo jambo moja katika maisha yake ambalo nadhani limesahauliwa. Jambo hilo ni mwaka mmoja aliokaa nje ya serikali, akiwa katika kilele cha heshima yake, ili aanze upya.

Mtoto wa mvua

Mwalimu alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa mtawala wa Wazanaki, kabila dogo miongoni mwa makabila ya nchi hii. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha kwa wingi, na kwa hiyo akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi mpaka alipofikia umri wa miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwaka 1934. Alichelewa kuanza, lakini aliwapita waliomtangulia. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na kuanzia 1943 hadi 1945 akasomea ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda. Mwisho wa mwaka 1943 alibatizwa na kupewa jina la Julius.

Baada ya Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi 1952 akiwa na shahada ya uzamili. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, ambaye Watanzania wote wanamfahamu kwa jina la Mama Maria, kisha akaanza kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya mji wetu.

Mwalimu wa Pugu aja Kariakoo

Kutoka Pugu alikuwa akija Dar es Salaam kukutana na wazalendo wa mjini. Kariakoo ya wakati huo ilikuwa ndiyo moyo wa siasa za Waafrika. Abdulwahid Sykes, ambaye nyumba yake ilikuwa kituo cha wanasiasa, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Mwaka 1953 Mwalimu alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba iliyokuwa mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani, ambapo leo watoto wetu wanacheza kriketi na mpira, ndivyo vilivyobeba mikutano mikubwa ya kudai uhuru.

Machi 1955 wananchi walichangishana nauli, naye akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, uongozi wa shule ulimtaka achague kati ya siasa na kazi ya kufundisha. Akaacha kazi yenye mshahara, akiwa na mke na watoto wadogo. Kwa miezi kadhaa alirudi kwao Musoma, akawa anamfundisha padri mmoja wa Shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki na kumsaidia kutafsiri maandiko ya dini. Mwishoni mwa mwaka huo alirejea Dar es Salaam na kujitoa moja kwa moja kwa kazi ya TANU. Wakati huo Mama Maria alisaidia kuitunza familia kwa duka dogo la mafuta ya taa. Sisi tuliolelewa nyuma ya kaunta tunafahamu vizuri maana ya duka dogo la mafuta ya taa katika nyumba isiyo na mshahara.

Naitaja miezi ile ya Musoma kwa sababu inaonyesha tabia ambayo ingejitokeza tena baadaye. Mtu huyu alipofika njia panda, hakukimbilia mbele. Alirudi nyuma kwanza, akakaa na watu wa kawaida, akafanya kazi ndogo ya lugha na mafundisho, ndipo akaamua.

Uhuru na swali la uraia

Mambo yalikwenda kwa kasi baada ya hapo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Septemba ya mwaka huo Mwalimu akawa Waziri Kiongozi, Mei 1961 akawa Waziri Mkuu, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa. Mwenge ukawashwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 39.

Lakini kabla ya usiku ule lilitokea jambo ambalo jumuiya yetu haina budi kulikumbuka daima. Oktoba 1961 Bunge lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge, wakiwemo wa TANU yenyewe, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au angalau wengine wasubiri. Ilikuwa hoja yenye wafuasi wengi, maana machungu ya ukoloni yalikuwa bado mabichi, na katika mpangilio wa wakoloni Mhindi alikuwa amewekwa ngazi ya katikati, juu ya Mwafrika na chini ya Mzungu. Mwalimu alisimama akaikataa hoja hiyo kwa ukali. Alieleza kwamba kumpima mtu kwa rangi ya ngozi yake ndiyo dhambi iliyoiangamiza Ulaya chini ya Hitler, na akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali sheria ya namna hiyo. Hoja ikaanguka. Sheria iliyopitishwa iliwatambua wengi waliozaliwa hapa, na wengine wakapewa muda wa miaka miwili kujiandikisha.

Kwa hiyo mwaka 1962, ambao ndio kiini cha makala haya, haukuwa mwaka wa Mwalimu peke yake kujitafuta. Katika nyumba za Kisutu, Upanga na Kariakoo wazee wetu nao walikuwa wakikaa usiku wakijadiliana: tujiandikishe au tubaki na pasi ya Mwingereza? Wapo ndugu wa tumbo moja walioamua tofauti. Kila aliyejiandikisha alikuwa anaanza maisha mapya, ingawa alibaki katika duka lilelile na mtaa uleule.

Kuacha kiti

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu. Habari hiyo iliishangaza dunia. Wengi, hapa nchini na ng'ambo, walidhani amesukumwa na wenzake. Katika Afrika iliyokuwa ndiyo kwanza inapata uhuru, hakuna aliyewahi kuona kiongozi akiwekwa juu kwa furaha ya nchi nzima, kisha akateremka kwa miguu yake mwenyewe kabla hata mapambo ya sherehe hayajachakaa.

Ni kweli kwamba kulikuwa na shinikizo. Vyama vya wafanyakazi vilitaka nafasi za Wazungu na Wahindi serikalini zijazwe na Waafrika haraka zaidi. Wanachama wa TANU waliopigania uhuru kwa jasho walijiona wameachwa, kwa kuwa viongozi wao wamehamia maofisini na matawi ya chama yamebaki bila kazi. Kulikuwa na ukame mkali mwaka 1961, na watu wengi walikuwa wakiishi kwa mahindi ya msaada. Vijijini kulikuwa na waliodhani kwamba Uhuru maana yake ni mwisho wa kodi na mwisho wa kazi ngumu. Mwalimu aliliona pengo kati ya ofisi yake na watu hao likizidi kupanuka kila siku.

Baada ya majadiliano marefu ndani ya Halmashauri Kuu ya TANU, uamuzi wake ulikubaliwa. Lakini hakutupa funguo mezani akaondoka. Kwanza alipanga baraza jipya la mawaziri. Paul Bomani alichukua wizara ya fedha kutoka kwa Sir Ernest Vasey. Amir Jamal, mtoto wa jumuiya ya Wahindi aliyezaliwa mwaka uleule mmoja na Mwalimu, aliendelea kuwamo serikalini. Na kiti cha Waziri Mkuu alipewa Rashidi Mfaume Kawawa.

Hapa inafaa tusimame kidogo kumwangalia Kawawa, maana bila yeye mwaka ule usingewezekana. Alikuwa kijana wa miaka 35, aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi, na kabla ya hapo watu walimjua kwa kuigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Hakuwa na shahada ya Edinburgh. Mwalimu alimwamini akamkabidhi nchi, na baada ya kumkabidhi hakukaa mlangoni kumwamulia kila jambo. Kawawa naye hakukitumia kiti kile kujijengea ufalme wake. Tunaofanya biashara tunajua jinsi ilivyo adimu kumpata mtu wa aina hiyo, na jinsi ilivyo adimu zaidi mwenye mali kumwachia kweli kazi mtu huyo anapopatikana.

Mwaka wa kusikiliza

Mwalimu alibaki Rais wa TANU, basi. Hakuwa tena na ofisi ya serikali wala mambo ya dola ya kutia saini. Alianza kuzunguka nchi, jimbo kwa jimbo, akikutana na matawi ya chama, wakulima, wafugaji, wazee wa vijiji na vijana wasio na kazi. Nchi ni kubwa, barabara za lami zilikuwa chache mno, na wakati wa mvua nyingi hazikupitika. Alikuwa anauliza maswali na kueleza. Alieleza kwamba kumwondoa Mwingereza ilikuwa sehemu rahisi, na kwamba adui waliobaki, yaani umaskini, ujinga na maradhi, hawaondoki kwa maandamano. Kaulimbiu ya Uhuru na Kazi ilianza kushika mizizi. Katika vijiji vingi watu walijitolea kuchimba visima, kulima barabara na kujenga madarasa kwa mikono yao.

Katika mwaka huo pia aliandika. Ndipo alipotoa kijitabu kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba msingi wa siasa yake hautoki katika vitabu vya Ulaya, bali katika ukoo wa Kiafrika ambamo kila mmoja alifanya kazi na hakuna aliyeachwa na njaa. Ndipo pia kilipotoka kijitabu cha Tujisahihishe, kilichowaambia wanachama na viongozi wa TANU kwamba chama kisichokubali kukosolewa kitaoza, na kwamba mtu anayetumia wadhifa wake kuficha makosa ni hatari kuliko adui wa nje. Tukumbuke kwamba maneno hayo aliyaandika mtu aliyekuwa ndiyo kwanza ameshinda kila kitu. Kwa kawaida mshindi huandika sifa zake. Yeye aliandika juu ya kujirekebisha.

Mwaka uliofuata, 1963, ikachapwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na miaka sita baadaye akatoa Mabepari wa Venisi. Ni jambo la kutafakari kwamba kiongozi kijana alichagua kuipa lugha ya Kiswahili habari za mtawala aliyeuawa kwa sababu marafiki zake walihofia kwamba amependa madaraka kupita kiasi.

Kurudi

Wakati Mwalimu akizunguka, serikali ya Kawawa ilifanya kazi ngumu na isiyopendwa. Iliharakisha kuwapa Waafrika vyeo katika utumishi wa umma, ikatunga sheria za kubana migomo ya wafanyakazi, na ikapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sheria hii ya mwisho ilikuja kutumika kwa miaka mingi, na haifai tuifiche tunapomsifu mtu tunayempenda. Mwaka ule ulikuwa na mwanga wake na kivuli chake.

Katiba mpya ilitungwa ili nchi iwe Jamhuri. Novemba 1962 ulifanyika uchaguzi wa Rais, Mwalimu akishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress. Mwalimu alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na mwenzake kura takriban 21,000. Tarehe 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya Uhuru, aliapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Kawawa akawa Makamu wa Rais. Wale wawili walibadilishana nafasi mara mbili ndani ya miezi kumi na moja bila ugomvi, na urafiki wao ukadumu mpaka kifo kilipowatenganisha.

Lakini aliyerudi hakuwa yuleyule aliyeondoka. Waziri Mkuu wa 1961 alikuwa mtu wa majadiliano na Waingereza, hodari wa hoja na katiba. Rais wa Desemba 1962 alikuwa mtu aliyekwisha kuona nchi kwa macho yake, mwenye fikra aliyoiandika na chama alichokijua kuanzia matawini. Katika hotuba yake ya kwanza bungeni akiwa Rais alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi walikuwa wamefundishwa kuzionea haya ngoma na desturi zao. Mawazo ya namna hiyo hayapatikani ofisini.

Matunda matamu na machungu

Msomaji wa jumuiya yetu anaweza kuuliza: je, mwaka ule ulitufaa sisi? Jibu la haki lina pande mbili.

Upande mmoja, Mwalimu aliporudi hakuiacha imani yake ya Oktoba 1961. Januari 1964 aliamua kwamba katika ajira ya serikali raia wote wawe sawa, bila kujali asili. Siku chache baadaye askari wa kambi ya Colito waliasi. Maduka ya Wahindi na Waarabu mjini yakavunjwa na kuporwa, na wapo waliopoteza maisha. Hata baada ya siku hizo hakubadili msimamo wake. Amir Jamal aliaminiwa na wizara ya fedha kwa miaka mingi.

Upande wa pili, mbegu ya Ujamaa aliyoipanda 1962 ilimea katika Azimio la Arusha la Februari 1967, na mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi yalikuwa ya watu wetu. Kwa wengi hayakuwa majengo ya matajiri wakubwa. Yalikuwa akiba ya uzee, iliyojengwa ghorofa moja baada ya nyingine na ndugu waliokula chakula cha chungu kimoja. Wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada, na wapo wazee walioondoka na ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa yao tena. Uchungu huo upo mpaka leo katika baadhi ya familia zinazosali katika hekalu hili, na sioni heshima yoyote kwa Mwalimu katika kujifanya haupo.

Hata hivyo, aliyeandika Tujisahihishe hakusahau alichoandika. Akiwa bado Rais, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Ni watawala wachache wanaokiri jambo kama hilo wakiwa bado wamekalia kiti. Mtu kujitengeneza upya hakumfanyi asikosee tena. Kunampa mazoea ya kujitazama, na mazoea hayo humsaidia siku anapokosea.

Njia waliyopita wengine

Kwa sisi wenye asili ya Gujarat, mwaka wa Mwalimu unatukumbusha mwaka mwingine. Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, ambaye meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja alipokuwa akienda Afrika Kusini mwaka 1893, alirudi India Januari 1915 akiwa na miaka 45. Alikuwa maarufu tayari. Mlezi wake wa siasa, Gopal Krishna Gokhale, alimtaka azunguke nchi kwa mwaka mzima bila kutoa maoni juu ya mambo ya siasa, aone na asikie tu. Gokhale alifariki mwezi uliofuata, lakini Gandhi aliitimiza ahadi. Alisafiri kwa treni daraja la tatu, akibanana na maskini, na Mei ya mwaka huo akaanzisha ashram yake ya kwanza karibu na Ahmedabad. Wakili wa Afrika Kusini aliingia katika mwaka ule, na kiongozi wa mamilioni akatoka. Sioni ajabu basi kwamba serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi mwaka 1995, mtu wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa Mwalimu Nyerere.

Dini yetu ilikwisha kulifundisha jambo hili zamani. Maisha ya mtu yamegawanywa katika hatua nne: uanafunzi, ulezi wa nyumba, vanaprastha, na kuachana na dunia. Vanaprastha ni hatua ya tatu, ambapo mwenye nyumba, akiona nywele zake zimeanza mvi na watoto wake wamekuwa watu wazima, hukabidhi shughuli na kuelekea msituni. Msitu wa siku hizi si lazima uwe na miti. Kwa Gandhi ulikuwa behewa la daraja la tatu, na kwa Mwalimu ulikuwa vijiji vya Tanganyika.

Mwalimu aliipita njia hiyo tena uzeeni. Novemba 1985 aliachia urais kwa hiari na kumkabidhi Ali Hassan Mwinyi, kisha 1990 akaachia uenyekiti wa CCM. Alirudi Butiama kulima. Aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, akasuluhisha ugomvi wa Burundi, na mwaka 1996 ikachapwa kazi yake ya kuzigeuza Injili kuwa utenzi wa Kiswahili. Kijana aliyemsaidia padri kutafsiri maandiko mwaka 1955 alikuwa ameirudia kazi ileile akiwa mzee. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na akazikwa Butiama. Kawawa alimfuata tarehe 31 Desemba 2009.

Funzo kwa mitaa yetu

Nimeyaandika haya nikiwafikiria hasa wenzangu wa umri wangu. Tembea Kariakoo leo asubuhi, utawaona: wazee wenye miaka 60 na 70 wamekaa palepale karibu na kisanduku cha fedha, daftari la mali kauli mkononi, huku mtoto wa miaka 40 akisubiri ruhusa ya kununua katoni kumi za bidhaa. Wanaamini kwamba wakiondoka mwezi mmoja duka litaanguka. Nchi hii changa, yenye njaa, wataalamu wachache na hazina nyembamba, iliachwa na kiongozi wake kwa miezi kumi na moja, na haikuanguka. Je, duka la vitenge litaanguka?

Wengine huondoka, lakini huenda kukaa katika sebule za jamaa zao Leicester au Toronto, wakipiga simu kila saa kuuliza mauzo. Huko ni kuhamisha kiti tu. Mwalimu alikwenda kwa watu ambao kazi yake iliwahusu na ambao alikuwa ameanza kuwasahau. Mfanyabiashara naye anao watu hao: wakulima wa mikoani wanaovaa vitambaa vyake, wachukuzi wanaobeba marobota yake, familia za bonde la Msimbazi ambazo mafuriko huziingilia nyumbani kila mvua kubwa inaponyesha, na wanafunzi ambao wangefaidika na hesabu anazozijua. Mwaka mmoja wa seva miongoni mwao, huku funguo zikiwa mikononi mwa mtu aliyeaminiwa kweli, ni vanaprastha ya kutosha kwa zama zetu.

Kisha arudi, kama atahitajika. Akirudi akakuta mtoto wake amepanga rafu kwa namna nyingine na biashara inakwenda, asizirudishe kama zilivyokuwa. Akae pembeni, anywe chai yake, na atazame ni kazi gani mpya imemngoja.

Mola aijalie hekalu letu miaka mingi mbele, awape wazee wetu moyo wa kukabidhi na vijana wetu uaminifu wa kupokea, na azidishe ujirani mwema kati yetu sote tunaosikia kengele, adhana na nyimbo za kanisa katika mtaa mmoja. Om shanti.